Chuma Katika Damu: Upungufu wa Vimeng'enya na Magonjwa ya Kurithi ya Utengenezaji wa Hemu

Katika Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kipo kimondo kinachojulikana duniani kote. Ni pande la madini lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuzidi tani kumi, na takriban sehemu tisa kati ya kumi za pande hilo ni chuma. Wenyeji wa nchi hiyo nao walikijua chuma tangu zamani. Wahunzi wa Kinyiha walikuwa wakiyeyusha mawe na kufua majembe kabla majembe ya dukani hayajafika kwao.

Lakini kipo chuma kingine ambacho kila mwananchi hutembea nacho. Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu tatu hadi nne tu, uzito wa msumari mmoja mdogo. Theluthi mbili hivi za chuma hicho zimo katika damu, nazo ndizo zinazotuwezesha kupumua na kufanya kazi. Somo hili linaeleza jinsi mwili unavyokifunga chuma hicho ndani ya kitu kiitwacho hemu, na linaeleza pia yanayompata mtu aliyezaliwa na upungufu katika kazi hiyo. Magonjwa yatokanayo na upungufu huo si ya kila siku. Hata hivyo yanastahili kujulikana, kwa sababu mgonjwa aweza kuletwa zahanati akiwa na maumivu tu, akapewa dawa ya kawaida kwa nia njema, na dawa hiyo ikamzidishia ugonjwa hata kumuua.

HEMU NI NINI?

Wekundu wa damu hutokana na hemoglobini, ambayo hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Kila molekuli ya hemoglobini ina sehemu mbili. Ya kwanza ni protini iitwayo globini; ya pili ni hemu nne zilizoshikamana na protini hiyo. Hemu moja ni mfano wa pete bapa yenye atomu moja ya chuma katikati. Oksijeni hujishikiza kwenye atomu hiyo ya chuma.

Yafaa msomaji aitofautishe mada hii na magonjwa mengine mawili ya damu yanayofahamika zaidi nchini. Katika selimundu, kasoro imo katika globini, na hemu ni nzima. Katika upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hemu na globini zote ni nzima, bali chembe nyekundu hukosa kinga na kupasuka mtu anapotumia dawa fulani, kama vile primakwini au daposoni. Magonjwa tunayoyazungumzia hapa hutokea mahali pengine, yaani katika utengenezaji wa hemu yenyewe. Jina lake la jumla ni porfiria.

Sehemu kubwa ya hemu ya mwili, zaidi ya robo tatu, hutengenezwa katika uboho wa mifupa kwa ajili ya chembe nyekundu. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutengenezwa katika ini. Ini huitumia kuunda protini ziitwazo sitokromu, ambazo kazi yake mojawapo ni kuzivunja dawa na sumu tunazoingiza mwilini. Msomaji alikumbuke jambo hili la ini, kwa maana tutalirudia.

HATUA NANE ZA KAZI

Hemu haitengenezwi kwa mara moja. Hupitia hatua nane, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko moja la kikemia bila yenyewe kumalizika.

Kazi huanzia ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vinavyotoa nishati katika chembe hai. Hapo kimeng'enya cha kwanza huunganisha glisini, ambayo ni asidi amino ya kawaida, na zao moja la uchomaji wa chakula. Hutokea asidi ya aminolevulini. Asidi hiyo hutoka nje ya mitokondria, na kimeng'enya cha pili huziunganisha molekuli zake mbili mbili kuwa porfobilinojeni. Kimeng'enya cha tatu huzipanga porfobilinojeni nne katika mstari mmoja. Cha nne huukunja mstari huo kuwa pete. Cha tano huipunguza pete kwa kuikata pembeni. Kazi kisha hurudi mitokondria, ambako kimeng'enya cha sita na cha saba huirekebisha pete hiyo mpaka iwe porfirini kamili. Mwishowe kimeng'enya cha nane hutia chuma katikati ya pete. Hapo hemu imekamilika.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi ataufahamu mpango huu bila shida. Kahawa huchumwa, humenywa, huchachushwa, huoshwa, huanikwa, kisha hukobolewa. Tuchukue kwamba mashine ya kumenya imeharibika nusu, na inafanya kazi kwa nguvu pungufu. Matokeo ni mawili. Kwanza, kahawa safi itakayotoka mwisho itapungua. Pili, kahawa mbivu isiyomenywa itarundikana mbele ya mashine hiyo na kuanza kuoza. Ndivyo ilivyo katika mwili. Upungufu wa kimeng'enya kimoja husababisha mrundikano wa kitu kile ambacho kimeng'enya hicho kilipaswa kukigeuza, na mara nyingi madhara makubwa hutokana na mrundikano huo.

Liko jambo la tatu. Katika ini, hemu iliyokamilika ndiyo inayoamuru kasi ya hatua ya kwanza. Hemu ikitosha, kimeng'enya cha kwanza hutulizwa. Ikipungua, huachiliwa kifanye kazi kwa nguvu zaidi. Ni sawa na msimamizi wa kiwanda anayeona ghala la kahawa safi limepungua, naye akaagiza wachumaji walete kahawa zaidi kutoka shambani, asijue kwamba mashine ya kumenya ni mbovu. Kadiri anavyoagiza, ndivyo rundo linavyozidi kuoza. Agizo hilo ndilo kiini cha shambulio la porfiria.

MAKUNDI MAWILI YA MAGONJWA

Dalili za ugonjwa hutegemea hatua iliyopungukiwa. Kwa kurahisisha, tunaweza kuyagawa magonjwa haya katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la mashambulio ya ghafla. Mfano wake mkuu ni porfiria ya vipindi, inayotokana na upungufu wa kimeng'enya cha tatu. Daktari Jan Waldenström wa Sweden aliieleza kwa kina mwaka 1937. Katika ugonjwa huu vitu vya mwanzo, yaani asidi ya aminolevulini na porfobilinojeni, hurundikana, na mishipa ya fahamu hudhurika. Mgonjwa hushikwa na maumivu makali sana ya tumbo, hutapika, na choo hufunga. Mapigo ya moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Daktari akilibonyeza tumbo hulikuta laini, tofauti na ukali wa maumivu yanayosemwa. Baadhi ya wagonjwa huchanganyikiwa akili au hupata degedege. Wengine hulegea mikono na miguu, na misuli ya kupumulia ikilegea pia, maisha huwa hatarini. Mashambulio huanza baada ya kubalehe, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Kundi la pili ni la ngozi. Hapa kinachorundikana ni porfirini, ambazo tayari ni pete. Pete hizo zina tabia ya kunyonya mwanga wa jua na kuamsha oksijeni inayounguza ngozi. Upungufu wa kimeng'enya cha tano huleta malengelenge na makovu kwenye migongo ya mikono na usoni, na ngozi huwa dhaifu, hukwaruzika kwa jambo dogo. Upungufu wa kimeng'enya cha nane humfanya mtoto alie kwa maumivu ya kuungua dakika chache baada ya kutolewa juani, hata kama ngozi yake haionyeshi jeraha. Upungufu wa kimeng'enya cha nne ni adimu mno na ni mkali: mkojo wa mtoto huwa mwekundu tangu uchanga, na meno huota yakiwa na rangi ya hudhurungi. Magonjwa haya yasichanganywe na ualbino, ambao unahusu rangi ya ngozi na hauhusiki na hemu.

Upungufu wa kimeng'enya cha sita au cha saba waweza kuleta makundi yote mawili kwa pamoja, yaani mashambulio na vidonda vya ngozi.

KISA CHA RASI YA TUMAINI JEMA

Kutoka Tunduma, barabara na reli ya TAZARA huvuka mpaka na kuelekea kusini. Mbali zaidi kusini, mwisho wa bara letu, ndiko kulikotokea kisa kilichoifundisha dunia mengi kuhusu ugonjwa huu.

Mwaka 1688, katika makazi ya Waholanzi ya Rasi ya Tumaini Jema, mlowezi Gerrit Jansz alimwoa Ariaantje Jacobs. Mmoja wao alikuwa na jeni yenye kasoro ya kimeng'enya cha saba. Wazao wao walikuwa wengi, nao walizaa wengi. Katikati ya karne ya ishirini, daktari Geoffrey Dean wa Port Elizabeth alianza kuzifuatilia koo za wagonjwa wake, kizazi baada ya kizazi, akakuta njia nyingi zinakutana kwa wanandoa hao wawili. Alichapisha kitabu juu ya utafiti huo mwaka 1963. Mwaka 1996 wanasayansi waliitambua kasoro yenyewe: badiliko la herufi moja tu katika maandishi ya jeni.

Jambo la kuzingatia ni hili. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wazao hao waliishi na kufikia uzee. Wengi walijulikana kwa ngozi dhaifu ya mikono tu, na watu waliihesabu kuwa alama ya ukoo. Mashambulio mabaya na vifo vilianza kuonekana kwa wingi zilipoingia dawa za kisasa, hasa dawa za usingizi za jamii ya babichureti na dawa za jamii ya salfa. Jeni ilikuwa ile ile iliyofika na mababu. Kilichobadilika ni vitu vilivyoingizwa mwilini.

Sababu yake tumekwisha kuigusa. Ini linapopokea dawa kama hizo huunda sitokromu nyingi ili kuzivunja, na sitokromu huhitaji hemu. Hemu hupungua, hatua ya kwanza huachiliwa, na mrundikano hutokea mbele ya kimeng'enya dhaifu. Njaa ya muda mrefu na mfungo mkali hufanya vivyo hivyo, kwani ukosefu wa sukari huiamsha hatua ya kwanza. Pombe, maambukizo, na mabadiliko ya homoni wakati wa hedhi ni vichochezi vingine.

KISA CHA UTURUKI NA SOMO KWA WAKULIMA

Kisa cha pili chatuonyesha kwamba hata asiyerithi chochote aweza kuharibiwa kimeng'enya. Katika miaka ya 1950, wakulima wa kusini-mashariki mwa Uturuki walipewa mbegu za ngano zilizopakwa heksaklorobenzini, dawa ya kuua kuvu. Mbegu hizo zilikuwa za kupanda, lakini familia zenye njaa zilizisaga na kuzila. Maelfu ya watu, wengi wao watoto, walipata porfiria ya ngozi, kwa sababu sumu hiyo huzuia kazi ya kimeng'enya cha tano. Watoto wachanga walinyonya sumu hiyo katika maziwa ya mama, na wengi walifariki. Heksaklorobenzini imo katika orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Somo linabaki kwa mkulima wa Momba na wa Ileje: mbegu iliyopakwa dawa na kutiwa rangi isiliwe kamwe, hata ikioshwa, wala mifuko yake isiwekewe unga.

Kimeng'enya hiki cha tano kina adui mwingine aliye karibu zaidi nasi. Katika wagonjwa wenye upungufu wake, ni mmoja kati ya watano hivi tu aliyerithi kasoro. Wengine hupungukiwa kwa sababu ini limezidiwa na chuma, pombe, au virusi vya homa ya ini. Kusini mwa Afrika iligunduliwa zamani kwamba pombe ya kienyeji iliyopikwa na kuchachushwa katika vyombo vya chuma huyeyusha chuma hicho kwa ukali wake, na mnywaji hukijaza ini lake bila kujua. Chuma ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho hugeuka kuwa mzigo kinapozidi. Mama anayepika pombe ya ulezi katika pipa la chuma ana sababu ya kulibadilisha pipa hilo, na mnywaji ana sababu ya kupunguza.

NAMNA YA KUUTAMBUA UGONJWA

Mkojo ndio shahidi wa kwanza. Wakati wa shambulio, mkojo waweza kutoka ukiwa na rangi ya kawaida, lakini ukiachwa kwenye mwanga hugeuka mwekundu au kahawia. Dalili hii peke yake haitoshi, kwani mkojo mwekundu au mweusi huletwa pia na kichocho, na malaria kali, au na dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini. Uthibitisho hupatikana maabara. Kitendanishi cha Ehrlich kikichanganywa na mkojo wenye porfobilinojeni nyingi huleta rangi nyekundu. Njia hii ilielezwa na Watson na Schwartz mwaka 1941, nayo haihitaji mitambo ya gharama. Vipimo vya kisasa vya kiasi na vya jeni hufuata baadaye.

Mambo mawili yazingatiwe. La kwanza, sampuli ichukuliwe wakati mgonjwa ana maumivu. Kutoka Tunduma hadi hospitali ya rufaa Mbeya ni takriban kilomita 100; mgonjwa akifika huko baada ya siku kadhaa, maumivu yakiwa yamepoa, ushahidi waweza kuwa umepungua. La pili, chupa ifungwe kwa karatasi nyeusi au ya bati, kwa kuwa mwanga huharibu vitu vinavyotafutwa.

Matibabu huanza kwa kuondoa kichochezi. Mgonjwa hupewa sukari ya kutosha, kwa mdomo au kwa dripu, kwa kuwa sukari huituliza hatua ya kwanza. Maumivu hutulizwa kwa mofini, ambayo haina madhara katika ugonjwa huu. Tiba yenye nguvu zaidi ni hemu yenyewe, inayoingizwa katika mshipa. Ilitumika kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1971. Mgonjwa anapewa zao la mwisho ambalo mwili wake haulitoi vya kutosha, na msimamizi wa kiwanda huridhika, akaacha kuagiza. Mwaka 2019 iliidhinishwa huko dawa nyingine, givosirani, inayonyamazisha maagizo ya kutengeneza kimeng'enya cha kwanza katika ini. Dawa hizi ni ghali. Kinga kwa hiyo ni bora zaidi, nayo haina gharama.

UKOO NDIO DAFTARI LA KWANZA

Kila mtu ana jeni mbili kwa kila kimeng'enya kati ya vingi tulivyovitaja, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Katika porfiria ya vipindi na ile ya Rasi, jeni moja mbovu yatosha kupunguza nguvu ya kimeng'enya kufikia takriban nusu. Mzazi mwenye kasoro anapopata mtoto, uwezekano wa kumrithisha ni nusu, kwa mtoto wa kiume au wa kike sawasawa. Wengi mno wa waliorithi hawapati shambulio hata moja maishani. Hii ndiyo sababu ugonjwa waweza kupotea kwa vizazi viwili, kisha ukaibuka kwa mjukuu. Katika upungufu wa kimeng'enya cha nne, lazima jeni zote mbili ziwe na kasoro, na wazazi wenyewe huwa wazima.

Katika mji wa Tunduma, mpaka hupita kati ya watu wa ukoo mmoja. Wanyamwanga wako upande wa Tanzania na upande wa Nakonde, Zambia, na harusi na misiba huwakutanisha. Jeni haihitaji pasi ya kusafiria. Daktari akimgundua mgonjwa mmoja, habari hiyo ni mali ya ndugu zake wote wa damu, wa huku na wa ng'ambo. Kila mmoja apimwe akiwa mzima, na aliyerithi abebe kadi inayoeleza hali yake.

Kadi hiyo ina kazi kubwa. Fenobabitoni ni dawa njema iliyosaidia wagonjwa wengi wa kifafa, na asiye na porfiria asiiache kwa kusoma makala hii. Lakini kwa mwenye porfiria ya mashambulio, dawa hiyo iliyo kila mahali, akipewa kwa ajili ya degedege, huongeza ugonjwa ule ule ulioleta degedege. Vivyo hivyo dawa za salfa. SP ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini tangu mwaka 2001 hadi 2006, na hadi leo akina mama wajawazito hupewa ili kuzuia malaria. Mama anayejua kwamba ana porfiria, au kwamba yumo katika ukoo wenye porfiria, amweleze mkunga kabla ya kumeza, naye mkunga atafute ushauri wa daktari. Na daktari wa upasuaji aambiwe kabla ya dawa ya usingizi.

HITIMISHO

Tumeona kwamba urithi huleta udhaifu wa kimeng'enya, na kwamba mara nyingi udhaifu huo hulala kimya mpaka kitu cha nje kiuamshe: dawa, njaa, pombe, au sumu. Jeni hatuwezi kuichagua. Vitu vinavyoingia mwilini twaweza kuvichagua, ilimradi tujue. Mtu anayelia kwa tumbo linaloonekana zima, ambaye akili yake imechanganyikiwa na viungo vimelegea, asishukiwe kuwa amelogwa wala kuwa anajisingizia. Achukuliwe mkojo, uhifadhiwe gizani, na aulizwe swali moja ambalo halihitaji maabara: je, katika ukoo wenu yupo aliyewahi kuugua hivi, na alikuwa amepewa dawa gani?